Alimenya chungwa huku binti yake akiganda nje

Jua la Alhamisi kabla ya Pasaka limeshapanda juu ya mlima, na theluji ya uani ni ngumu kama sakafu ya saruji. Nyuma ya banda la kukodishia pikipiki za theluji katika kijiji cha Risnäs, kaskazini mwa Uswidi, Ristin Fjällås amepiga magoti ndani ya tela, akitandika ngozi za kulungu.

Anazilaza manyoya yakiwa juu. Anazipapasa kwa kiganja, anainua pembe moja, haridhiki, anaitandika upya.

Tela hili halina magurudumu. Ni sanduku refu la mbao lililokaa juu ya miguu miwili ya kutelezea, na juu yake limefunikwa turubai la kijani lenye kidirisha cha nailoni mbele. Linafungwa nyuma ya pikipiki kwa mkono wa chuma, na humo hukaa watoto, wazee, mbwa, na kila kitu ambacho familia itakihitaji huko mlimani.

Baada ya ngozi zinakuja kuni kavu, ndani ya gunia, upande wa nyuma. Halafu keekee ya kutobolea barafu ya ziwani. Birika jeusi kwa masizi linaviringishwa kwenye gazeti lisije likachafua blanketi. Nyama kavu, mkate mwembamba, siagi, soseji, na kipande cha jibini ile wanayoitumbukiza kwenye kahawa. Machungwa ameyavisha soksi za sufu, kila moja na soksi yake, yasigande.

"Chungwa likiganda ni jiwe," anasema bila kuinua kichwa. "Na mtoto uliyemwahidi chungwa ukampa jiwe, kilio chake utakisikia mpaka Norwei."

Mwisho kabisa linawekwa beleshi la kuchimbia theluji, juu ya vyote, upande wa kushoto.

Mwenye safari ni baba mmoja kutoka mjini, pwani, aliyekuja na mkewe na watoto wawili. Amesimama pembeni akipiga picha. Ristin anatoka ndani ya tela, anajikung'uta magoti, na kumwendea akiwa na mkoba mdogo wa kitambaa wenye mkanda.

"Huu unavaa wewe," anamwambia. "Kiunoni, chini ya koti. Mkeo naye ana wake."

"Kuna nini humu?"

"Kiberiti ndani ya nailoni. Mshumaa. Glavu za akiba. Kipande cha nyama. Filimbi."

"Mama, si vyote hivyo nimekuona ukiviweka kwenye tela?"

"Nimeviweka."

"Sasa?"

"Sasa vaa."

Mwanamume anacheka na kumgeukia mkewe. "Sisi tunakwenda kuvua samaki, huyu anatupeleka vitani."

"Vitani wangekupa bunduki," anasema Ristin. "Mimi nakupa glavu. Inua mikono."

Anainua mikono. Ristin anamfunga mkanda mwenyewe, anauvuta kuona kama umekaza, kisha anamfungia na zipu ya koti mpaka kidevuni kama anayempeleka mtoto shule.

Kutoka kwenye pampu ya petroli, mwenye banda, Sixten, anapaza sauti. "Usibishane naye, ndugu. Mimi nilibishana naye mwaka jana, mwaka huu mkoba nalala nao."

Watu wa Risnäs wenyewe hawaucheki mkoba ule. Wanakuja, wanainua mikono, wanafungwa, wanaondoka. Wanajua ulikotoka.

Ristin ana miaka sitini na minne. Msimu wa pikipiki za theluji, yaani kuanzia Februari mpaka mwisho wa Aprili, kazi yake ni kufungasha matela ya familia zinazokwenda mlimani, kwa malipo ya krona mia moja na arobaini kwa saa. Theluji ikiyeyuka anafagia vibanda vya wageni. Kufungasha hakujifunza kwa Sixten. Alifundishwa na mama yake, enzi ambazo tela lilivutwa na kulungu.

Kanuni ya mama yake ilikuwa moja. Anayeendesha awe mwepesi, mikono mitupu, mifuko mitupu, asibanwe na kitu. Mzigo wote ukae kwenye tela.

"Na mimi nikawafundisha watu hivyo miaka yote," anasema. "Nilijisifu kwa hilo, nisiseme uongo. Nilikuwa nawaambia, tela ni nyumba, nyumba nzima inakufuata nyuma. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza, mama, na nyumba ikibaki njiani?"

Leo amefungasha matela ya watu tangu asubuhi. La mwisho litakuwa la kwake mwenyewe, la safari ya familia kwenda ziwani, na hajui kama litaondoka na watu wanne au watatu. Nyumbani kwake, hatua chache kutoka bandani, kwenye msumari wa mlangoni, unaning'inia mkoba ambao mwenyewe hajauchukua. Ni wa binti yake, Sagka.

Ili kuelewa kwa nini hajauchukua, lazima kwanza uelewe kijiti.

Mkono wa tela hukaa kwenye ndoana ya pikipiki, na bolti nene hupita katikati na kuviunganisha. Chini ya bolti kuna kipini kidogo cha chuma, mfano wa kibanio cha nywele, kinachoizuia isiruke. Kipini hicho hupotea. Kinaangukia kwenye theluji, basi, umekiona mwaka huo. Na mtu wa Risnäs hawezi kuvunja safari kwa ajili ya kitu kidogo kuliko kidole. Anakata kijiti kwenye mti wa gome jeupe, anakichonga kwa kisu, anakipachika, anawasha pikipiki.

"Babu yangu alipachika kijiti," anasema Torkel, mume wa Sagka, ambaye ni fundi umeme. "Baba akapachika kijiti. Nami siku ile nikapachika kijiti. Mama mkwe alikuwa amesimama hapo hapo ananitazama."

"Nilikutazama," anaitikia Ristin. "Nikaona umekichonga vizuri."

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, mwaka jana. Torkel aliendesha, Sagka akakaa nyuma yake, Ristin na mjukuu wake Maajja, aliyekuwa na miaka saba, wakaingia chini ya turubai. Safari hiyo familia yao huifanya kila mwaka. Kwenye theluji huko mlimani njia huonyeshwa na nguzo zenye misalaba myekundu, nawe unatoka msalaba hadi msalaba mpaka ziwani.

Anayekaa nyuma ya dereva ana kazi yake. Ndiye anayegeuka kutazama tela. Akiona liko sawa, anampiga dereva bega mara moja. Maana yake, lipo. Kwa sababu ukiwa na helmeti kichwani na injini inanguruma chini yako, husikii kitu kingine duniani.

Walipofika kwenye mteremko usio na miti, upepo ukaja kutoka magharibi. Theluji ya chini ikapanda juu, ya juu ikashuka chini, ukabaki weupe mtupu. Hakuna mbingu, hakuna ardhi. Pikipiki ilikuwa inapanda kilima. Kijiti kikakatika.

Tela halikupinduka. Hilo ndilo ambalo watu wakisimuliwa hushika mdomo. Lilirudi nyuma polepole, likageuka ubavu, likaingia kwenye kibonde na kutulia, taratibu, kama mtu anayeegesha. Ndani yake, bibi na mjukuu hawakuhisi lolote zaidi ya kusimama.

"Tumefika?" Maajja aliuliza.

"Bado. Baba yako amesimama kukojoa."

"Mbona anachelewa?"

"Amevaa suruali nne. Mwache atafute."

Wakacheka. Kidirisha cha nailoni kilikuwa kimeziba kwa ukungu wa pumzi zao. Ristin akatoa chungwa moja kwenye soksi yake, akaanza kumenya.

Akifika hapa katika kusimulia, Ristin huangalia vidole vyake.

"Nilimenya polepole," anasema. "Nikatoa na zile nyuzi nyeupe zote, maana huyu mtoto hazipendi. Nilikuwa nimestarehe. Nimekaa kwenye ngozi, miguu ina joto, namenya chungwa na kutania watu. Mwanangu wakati huo yuko wapi? Hilo mpaka leo sijalimeza."

Chungwa lilipokwisha ndipo alipofungua turubai. Mbele palikuwa na mkono wa chuma umelala kwenye theluji, na tundu la bolti likiwa tupu. Basi. Hata alama za pikipiki zilikuwa zimeshafukiwa.

Alirudi ndani, akafunga turubai na kuacha upenyo wa hewa, akawasha mshumaa. Akamwambia mtoto kwamba leo wanacheza nyumba. Kwa ajili yake mwenyewe hakuogopa, anasema. Alikuwa na kuni, nyama, kahawa, ngozi na mablanketi. Angeweza kukaa pale mpaka Jumatatu.

Theluji ikaanza kulemea turubai, naye akanyoosha mkono wa kushoto bila kutazama, akalishika beleshi. Lilikuwa pale pale linapokaa siku zote.

"Hapo ndipo nilipopigwa," anasema. "Beleshi liko na mimi. Nikaangalia, kiberiti kiko na mimi. Glavu za akiba, mimi. Mkanda wa akiba wa injini, ambao hukaa chini ya kiti cha pikipiki, siku ile niliuhamisha kwa mkono wangu nikauweka kwenye tela usipate unyevu. Nikajiuliza, wale wawili wana nini? Wana nguo walizovaa."

Sagka ana miaka thelathini na sita na anapika katika shule ya kijiji. Anaongea akiwa mlangoni kwa mama yake, ambako wanaishi wote, amevaa ndara za sufu, mikono ameikunja kifuani. Hatoki nje.

"Niligeuka," anasema. "Watu wanadhani sikugeuka. Niligeuka kila msalaba. Nikaona weupe, na ndani ya weupe nikaliona tela. Umbo lake, turubai lake. Naweza kuapa hata sasa. Nikampiga bega, lipo. Msalaba unaofuata, nikampiga bega, lipo. Njia nzima ile nimempiga bega mume wangu, na nyuma yetu hapakuwa na kitu."

Anatazama msumari wenye mkoba, kisha anatazama pembeni.

"Niliona nilichozoea kuona," anasema. "Mwanangu yumo humo ndani, nami nikaona nilichozoea kuona."

Ziwani Torkel alizima injini, akashuka ili amfungulie mama mkwe turubai. Sagka anakumbuka jinsi alivyosimama nyuma ya pikipiki akipapasa hewa kwa mikono miwili, kama kipofu anayetafuta ukuta. Alipanda tena, wakageuza.

Nusu ya njia mkanda wa injini ukakatika. Torkel akainua kiti kutoa wa akiba, kwa mazoea. Chini ya kiti palikuwa patupu. Simu mahali pale hazishiki. Beleshi la kujichimbia pango hawana. Wakaanza kutembea, msalaba hadi msalaba, wakisubiri upepo upumue kidogo ndipo waone unaofuata. Glavu moja ya Sagka ilichukuliwa na upepo alipoivua kufuta miwani. Torkel akamvalisha ya kwake.

"Nikamwambia sisikii baridi," anasema Torkel. "Na kweli, baada ya muda sikuisikia tena."

Huku kwenye kibonde, Ristin alikuwa ametoka nje ya tela. Kwenda kuwatafuta asingeweza, ana mtoto. Akachukua birika, akalining'iniza kwenye mti wa keekee aliouchomeka kwenye theluji, akaanza kulipiga kwa beleshi. Akapiga mpaka mabega yakafa ganzi. Anaingia, anamtazama Maajja, anatoka, anapiga tena. Ndilo birika lile lile atakaloliweka leo kwenye tela la kwake. Ubavu wake mmoja umebonyea kama sufuria iliyoangushwa kutoka darini.

Jioni ikiingia alisikia hatua.

Alikuwa ameshatayarisha utani wake. Yeye na mjukuu ndio waliopotea, wanatafutwa, sasa wamepatikana, na bibi kama yeye hawezi kupatikana hivi hivi bila neno. Vivuli viwili vilipotokea kwenye weupe akavipigia kelele, "Mmechelewa. Machungwa tumeyamaliza."

Ndipo Sagka alipovua miwani. Uso wake ulikuwa na rangi ya mshumaa. Akafungua mdomo kuita jina la mwanawe, mdomo haukutii. Torkel alikuwa akimtazama mama mkwe wake kwa makini, kwa adabu kabisa, kama mtu anayejaribu kukumbuka wamekutana wapi.

"Niliwasemesha utani," anasema Ristin. "Watu wanakufa mbele yangu, mimi nawasemesha utani."

Maajja, ambaye sasa ana miaka minane, anaikumbuka kwa namna yake. "Mama alinishika miguu kwanza. Hakunishika kichwa. Alikuwa anaangalia kama ni mimi."

Ristin aliwavua nguo zilizoganda, akawaingiza kwenye ngozi, akamlaza Maajja katikati yao kama kaa la moto. Kahawa aliwapa kwa kijiko. Usiku kucha hakulala. Asubuhi upepo ulipotulia, jirani aliyekuwa akifuata kulungu wake aliwaona akawarudisha kijijini. Daktari alimkata Torkel ncha za vidole viwili, vya mkono ule uliobaki bila glavu.

"Tuliopotea tulikuwa na joto," anasema Ristin. "Waliotutafuta ndio waliokuwa wanakufa. Nimeizungusha kichwani mwaka mzima na bado siioni ikikaa sawa."

Aliporudi kazini, jambo la kwanza alilofanya ni kuinama chini ya kila tela bandani, moja baada ya jingine. Karibu nusu yalishikiliwa na vijiti. Matela ya kukodisha, yanayobeba watoto wa watu. Alivichomoa akavimwaga juu ya meza ya Sixten.

"Nilikaa juu ya dumu la petroli," anasema Sixten. "Vingine nilivitambua, nilivichonga mimi."

Kijiji kizima kilikuwa hivyo. Watu waliosikia habari ile walicheka kidogo waliposikia kuhusu suruali nne, kisha kicheko kikakatika, kisha mmoja mmoja akaaga akaenda nyumbani kuinama chini ya tela lake. Mikoba ilianza wiki ile. Ristin aliishona jioni jikoni kwake kwa mapazia ya zamani, na mpaka leo hapokei malipo yoyote kwa ajili yake.

Lakini mkoba haukumponya Sagka. Tangu siku ile hajakalia pikipiki. Kuni Torkel huleta peke yake. Maajja alipoomba kwenda kuteleza mlimani na wenzake, mama yake alifunga mlango kwa ufunguo na kuuweka mfukoni. Nyumbani, anasema Ristin, hawakugombana, bali kila mtu alikuwa na kosa lake analolikumbatia.

"Yeye anasema, mimi ndiye niliyesema lipo. Torkel anasema, kijiti ni changu. Mimi nasema, mkanda niliuhamisha mimi. Tunaligombania kosa kama watu wanaogombania shamba la urithi. Hakuna anayetaka kumwachia mwenzake hata kipande."

Kinachomtia Ristin hofu si kukosa samaki. Samaki wapo dukani. Ziwani, anasema, ndiko familia yao inakozungumza. Mnakaa kuzunguka tundu la barafu, hakuna mwenye haraka, na mtu hutoa neno alilolibeba miezi. Nyumbani kila mtu ana chumba chake. Mwaka huu wasipokwenda wote, anaamini mwaka ujao hawatakwenda kabisa, na Maajja atakua akijua mlima ni mahali pa kufungiwa mlango.

Kwa hiyo wakati wa giza refu la majira ya baridi, akiwa anafuma mikanda ya sufu, alipata wazo. Alisokota uzi mwekundu wa sufu, mwembamba, usiokaza sana. Unatoka ndani ya tela, unapita kwenye tundu la turubai, unafungwa kwenye kifundo cha mkono cha anayekaa nyuma ya dereva.

"Si kamba," anaeleza, akiuvuta kati ya vidole. "Kamba ingemwangusha mtu. Huu ukivutwa kwa nguvu unakatika, bila hasara. Tela likiachia, uzi unakatika na mkono unajua hapo hapo. Na likiwepo, walio ndani wanavuta mara mbili, nawe unasikia. Macho, weupe unayadanganya. Mkono haudanganyi."

Uzi huo aliuweka jana kwenye meza ya jikoni, mbele ya sahani ya Sagka. Sagka alikula, akaosha sahani, akaenda kulala. Asubuhi uzi haukuwa mezani. Ristin hakuuliza umekwenda wapi.

Sasa matela ya wateja yameondoka, na uani imebaki pikipiki moja ikinguruma taratibu, Torkel akiipasha joto. Ndoana ina kipini kipya cha chuma. Mkanda wa akiba umerudi chini ya kiti. Maajja ameshavaa helmeti inayomfanya aonekane kama chungu juu ya kigingi.

"Mama," anaita, "unakuja au unalinda mlango?"

"Nalinda mlango," anajibu Sagka kutoka kizingitini.

"Nani atauiba?"

"Wewe ingia humo ufunge mdomo, utakula theluji."

Ristin anaingia kwenye tela, anamvuta mjukuu wake karibu. Anaona mlango wa nyumba ukifungwa na Sagka akiwa ndani. Torkel anautazama mlango ule, kisha anamtazama mama mkwe. Ristin anajishughulisha na blanketi ambalo halina kasoro.

"Tuondoke?" Torkel anauliza.

"Ngoja nirekebishe hili."

Analirekebisha. Analirekebisha tena.

"Mama mkwe, hilo blanketi limeshanyooka."

"Wewe unajua nini kuhusu mablanketi?"

Mlango unafunguka. Sagka anatoka akiwa na suti yake ya theluji, kiatu kimoja hakijafungwa kamba, helmeti kwapani. Msumari ni mtupu. Mkoba ameuvaa kiunoni, juu ya koti.

"Chini ya koti," anasema Ristin kutoka ndani ya tela.

"Najua, Mama."

"Kama unajua, mbona uko juu?"

Sagka anafungua koti, anauhamisha, anafunga zipu mpaka kidevuni. Kisha anapiga magoti nyuma ya pikipiki, anakishika kile kipini cha chuma, anakizungusha. Anatikisa bolti. Anakizungusha kipini tena.

"Nimeshaangalia," anasema Torkel.

"Na mimi naangalia."

Anaangalia mara ya tatu, na hakuna anayemharakisha. Halafu anatoa uzi mwekundu mfukoni. Ncha moja anaipenyeza kwenye tundu la turubai, ambako Maajja anaidaka. Nyingine anaifunga kifundoni, kwenye ngozi kavu kati ya glavu na mkono wa koti, akikaza fundo kwa meno.

Mpango wa Ristin kwa msimu ujao ni kumshawishi Sixten kila tela liwe na uzi wake. Sixten anasema wateja watacheka. Ristin anasema wacheke, mradi wamefungwa. Lakini matumaini yake ya leo ni madogo kuliko hayo. Amefungasha machungwa manne, na amemwambia Maajja kwamba hakuna atakayemenya hata moja kabla ya kufika ziwani, kabla ya watu wote wanne kushuka na kuonana.

Torkel anaongeza moto. Tela linatikisika, linaanza kuteleza. Nyumba ya kwanza inapita, ya pili, kisha nguzo ya kwanza yenye msalaba mwekundu. Ristin anafuta ukungu kwenye kidirisha kwa mkono wa sweta yake. Anauona mgongo wa binti yake. Sagka anageuka nyuma, anatazama tela kwa muda mrefu. Halafu anageuka mbele, na mkono wake haupandi.

Uzi unakazika kidogo. Mara moja. Mara mbili.

"Bibi," ananong'ona Maajja, "anavuta."

"Sasa unangoja nini? Mjibu."

Mtoto anavuta mara mbili. Kwenye kidirisha, mkono wa Sagka unapanda taratibu na kutua kwenye bega la mumewe.

Lipo.